Bangi ya hibridi ni mbegu ya namna gani, na kwa nini ku Pinga haioti kama inavyosifiwa

Mtu akiandika neno bangi ndani ya simu yake, hachelewi kukutana na majina ya ajabu: Skunk, Haze, White Widow, Girl Scout Cookies. Chini ya karibu kila jina kuna neno moja lenye kurudi-rudi: hibridi. Kiisha ahadi zinafuata: mavuno mengi, nguvu nyingi, kukomaa mbio. Kwa mulimaji wa Pinga, pale Masisi na Walikale zinapokutana, neno hibridi halitishi. Analijua kwa mahindi. Anajua kwamba mbegu ya hibridi inazaa kuliko ile ya nyumbani, tena inauzwa bei kali. Basi ni rahisi afikiri kwamba kwa bangi mambo ni yale yale.

Kuna sehemu ni yale yale, na kuna sehemu ni tofauti kabisa. Mwenye kukosea hapo anapoteza zaidi ya feza ya mbegu, juu ku Kongo mmea wenyewe umekatazwa na sheria, na nguvu yake mpya inaingia katika vichwa vya vijana wenye wamekwisha kuona mambo mazito ya vita.

Mmea wenyewe

Bangi ni mmea wa musimu mmoja: unaota, unatoa maua, unazaa mbegu, unakufa. Katika karatasi za serikali na za polisi wanaandika chanvre. Kwa Kinyarwanda ni urumogi, na upande wa Kasai ni diamba. Neno bangi lilitoka India, likapita kwa Waajemi na Waarabu mpaka pwani ya Waswahili. Mmea nao haukuzaliwa Afrika, asili yake ni Asia, lakini umekaa Afrika karne nyingi. Ku Ethiopia, wachimbaji wa mambo ya kale walipata viko vyenye mabaki ya bangi, vya karne ya 14. Na ku Kasai, kunako miaka ya 1870 na 1880, Bashilange wa chifu Kalamba Mukenge walijiita Bena Riamba, maana yake watu wa bangi, wakaivuta pamoja kama alama ya urafiki na amani. Mjerumani Hermann von Wissmann aliwakuta na akaandika habari zao. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba bangi ililetwa Kongo na vita vya miaka hii hajafuata historia vizuri.

Bangi ina dume na jike, kama papai. Dume linatoa unga wa maua wenye kubebwa na upepo, kazi yake ikiisha linakufa mbele ya jike. Jike ndilo lenye maua yanayouzwa. Juu ya maua hayo kuna vinywele vidogo sana, kila kimoja na kichwa kama cha pini, vimejaa utomvu wa kunata. Nguvu yote ya mmea iko ndani ya utomvu huo. Wataalamu wamehesabu humo vitu zaidi ya mia moja vya jamii moja, lakini viwili ndivyo vyenye kuzungumziwa: THC, yenye kulewesha, na CBD, isiyolewesha. THC ilitengwa na kuelezwa sura yake mwaka 1964 ku Israeli, na Raphael Mechoulam pamoja na Yehiel Gaoni. Ndani ya mmea mbichi iko bado katika hali ya asidi yenye hailewesh mtu. Moto ndio unaigeuza. Ndiyo maana jani bichi likitafunwa halifanyi kama lile lenye kuvutwa.

Hibridi ilizaliwa wapi

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliupa mmea huu jina la kitaalamu, Cannabis sativa, akiangalia ile mirefu ya Ulaya yenye kutoa nyuzi za kamba. Mwaka 1785 Mfaransa Lamarck alipokea mimea kutoka India, akaona inatofautiana, akaiita Cannabis indica. Hayo majina mawili ndiyo wauzaji wa mbegu wanatumia mpaka leo, ijapokuwa wamekwisha kuyageuza maana. Wao wanasema sativa kwa mmea mrefu, mwembamba, wa nchi za joto, na indica kwa mmea mfupi, mnene, wa milima ya Afganistani. Hibridi, kwa lugha yao, ni mtoto wa hao wawili.

Kuchanganya kulianza kwa nguvu ku California. Miaka ya 1960 na 1970, vijana waliotembea Mexico, Kolombia, Afganistani na India walirudi na mbegu mifukoni. Bangi ya Kolombia na ya Mexico ilikuwa ndefu na yenye kuchangamsha, lakini ilichelewa sana kukomaa. Ile ya Afganistani ilikuwa fupi, yenye utomvu mwingi, ya kukomaa mbio. Wakazichanganya hizo tatu, wakachagua mimea mizuri kizazi baada ya kizazi, ikatoka ile inayoitwa Skunk Namba 1. Skunk ni jina la mnyama mdogo wa Amerika, anafanana na kicheche, akitishwa anatoa harufu ya kukimbiza mtu. Mmea huo nao hauwezi kufichwa: harufu yake inapita ukuta. Miaka ya 1980 mbegu ilifika Uholanzi, nchi iliyokuwa imelegeza sheria yake tangu 1976, na kutoka hapo biashara ya mbegu ikaenea dunia nzima.

Afrika nayo ilitoa damu yake. Girl Scout Cookies, kati ya hibridi zenye sifa kubwa Marekani, mzazi wake mmoja ni OG Kush, na mwingine ni Durban Poison, bangi ya Afrika ya Kusini. Basi mbegu inayouzwa kwa feza nyingi kama akili ya Wazungu, nusu ya babu zake walilimwa na wakulima Waafrika wenye hawakulipwa hata franga moja kwa mbegu yao.

Sasa ile hesabu ya mahindi. Mulimaji akinunua mahindi ya hibridi, mwaka wa kwanza shamba lote linalingana. Akiweka mbegu ya mavuno hayo na kuipanda tena, mwaka wa pili mmoja unatoka mrefu, mwingine mfupi, mwingine na kichwa kidogo. Bangi ni vile vile, tena kuliko. Mbegu nyingi zinazouzwa hazikuchaguliwa vizazi vya kutosha ili zitulie, na upepo hauchagui shamba: unga wa dume la kienyeji unaweza kusafiri kilomita nyingi na kuingia kwa jike la hibridi. Mbegu yenye inatoka hapo haina jina tena. Muuzaji anaweza kuendelea kuiita Skunk, hakuna wa kumkatalia, lakini si ile.

Kuna pia mbegu zinazouzwa kama za jike tu. Zinapatikana kwa kulazimisha mmea jike, kwa dawa, utoe unga kama dume, ili watoto wote wawe majike. Mimea ya aina hiyo, ikipata taabu ya mvua au ya jua, kuna inayogeuka na kutoa maua ya dume katikati ya yale ya jike, na hapo shamba lote linajaa mbegu.

Jina haliko udhamini

Wauzaji wanasema sativa inachangamsha, indica inalaza, na hibridi iko katikati. Ni maelezo mazuri kwa kuuza. Wataalamu wa Kanada waliyapima kwa kuangalia vinasaba, yaani ile maandishi ya ndani ya mmea inayomfanya mtoto afanane na wazazi. Mwaka 2015 walichunguza mimea ya bangi 81, wakalinganisha yenye kuwa na jina moja. Mara 6 kati ya 17, mmea ulifanana zaidi na mwingine wenye jina tofauti kuliko na mwenzake wa jina lile lile. Mwaka 2021 utafiti mwingine ulionyesha kwamba maneno sativa na indica hayaendi sawa na vinasaba vya mmea. Yanaelekeza zaidi harufu kuliko kitu kingine. Harufu inatoka kwa mafuta mepesi yenye kupatikana pia katika matunda na miti: ile ya limau, ile ya embe, ile ya msindano.

Kama hali iko hivyo ku Kanada, kwenye maabara na karatasi za serikali, inafaa kuuliza jina lililoandikwa kwa kalamu juu ya kafuko ka mbegu sokoni linaweza kuhakikisha kitu gani.

Kwa kweli, kitu kimoja ndicho kimebadilika bila ubishi, nacho ni nguvu. Marekani wanapima tangu zamani bangi iliyokamatwa na polisi. Mwaka 1995 THC ilikuwa kama asilimia 4. Mwaka 2014 ilifika kama asilimia 12. Kazi yote ya kuchanganya ilielekezwa hapo, kuongeza THC, na katika kufanya hivyo CBD ilipungua karibu ya kuisha. Ile CBD inadhaniwa kwamba ilikuwa inapunguza ukali wa mwenzake. Hibridi nyingi za leo ni kama kanyanga kwa mtu aliyezoea kasiksi: zote ni pombe, lakini chupa moja haifanyi kazi moja.

Mwilini inafanya nini

Moshi ukiingia katika mapafu, THC inafika kichwani ndani ya dakika chache. Nguvu yake inapanda mpaka kama nusu saa, kiisha inashuka polepole kwa saa mbili mpaka nne. Mtu anachangamka au anatulia, anacheka bila sababu, njaa inamshika, mdomo unakauka, macho yanakuwa mekundu, moyo unaenda mbio. Wakati unaonekana kuwa mrefu. Kumbukumbu ya karibu inakatika: anaanza neno, anasahau alitaka kusema nini. Kwa mwingine, au kwa yule yule siku nyingine, inakuja hofu kubwa, kuona kama watu wote wanamuwaza vibaya.

Ikiliwa, katika mandazi au katika chai, hesabu inabadilika. Inaweza kukawia kutoka nusu saa mpaka saa mbili kabla ya kuanza, na hapo ndipo ajali zinatokea: mtu haoni kitu, anaongeza, kiisha yote inamjia pamoja na kukaa saa nyingi. Watoto wadogo wenye kuokota chakula cha namna hiyo wanaweza kulala usingizi wa hatari, pumzi ikipungua. Huyo ni wa kupeleka hospitali palepale.

THC inapenda mafuta. Inajificha katika mafuta ya mwili na kutoka polepole, kwa hiyo kwa mwenye kuvuta kila siku inaonekana katika mkojo hata wiki kadhaa baada ya kuacha. Lakini ajali ya motari inategemea zile saa za kwanza. Mwenye kuvuta kiisha kubeba abiria kwa njia ya matope anafanya hesabu ya umbali na ya mbio kwa kichwa ambacho hakipimi vizuri. Akiongeza pombe juu yake, moja na moja haifanyi mbili, inafanya zaidi.

Jambo zito kuliko yote ni wazimu. Mwaka 2019 gazeti la waganga The Lancet Psychiatry lilitoa utafiti uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazili, kwa wagonjwa 901 walioshikwa mara ya kwanza na ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona yasiyokuwako. Wenye kuvuta kila siku bangi yoyote walikuwa na hatari kama mara tatu kuliko wasiovuta. Wenye kuvuta kila siku ile kali, yenye THC ya asilimia 10 na zaidi, hatari ilikuwa karibu mara tano. Hiyo haisemi kwamba kila mvutaji atarukwa na akili. Wengi hawafiki hapo. Lakini inasema kwamba nguvu ya mbegu ina maana, na kwamba kutoka bangi ya mzee aliyelima nyuma ya nyumba mpaka hibridi ya leo kuna hatua kubwa.

Umri nao una maana. Ubongo unaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25. Kati ya watu wenye kujaribu bangi, kama mmoja kwa kumi anakuwa mtumwa wake. Kati ya wale walioanza wakiwa bado vijana wadogo, ni kama mmoja kwa sita. Na mama mwenye mimba akivuta, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Upande wa dawa, mambo ya kweli yako, ila ni machache kuliko yenye kutangazwa. Tangu 1985 Marekani inaruhusu vidonge vya THC ya kiwandani kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa kansa. Mwaka 2018 iliruhusu dawa ya CBD kwa watoto wenye kifafa cha aina mbili za nadra na kali. Dawa hizo zimepimwa, kila kipimo kinalingana na kingine. Kuvuta hibridi isiyojulikana nguvu yake ili kutibu kifafa ni kitu kingine kabisa, tena THC nyingi inaweza kumfanya mgonjwa awe mbaya zaidi.

Jua la Pinga

Hapa ndipo sifa za mbegu ya ng'ambo zinaangukia, na sababu yenyewe haina uhusiano na bidii ya mulimaji.

Bangi inahesabu usiku. Ule mmea wa Uholanzi au wa Kanada ulizoea nchi ambako wakati wa joto mchana una saa 15 au 16. Katika mchana huo mrefu unakua tu, majani na shina. Mchana unapopungua na usiku kurefuka, unaelewa kwamba baridi inakuja, unaharakisha kutoa maua. Pinga iko karibu sana na ikweta, kama digrii moja tu upande wa kusini. Mchana una kama saa 12 mwaka mzima, Januari na Julai hazipishani sana. Kwa mbegu ya mbali, usiku wa saa 12 ni alama ya kwamba mwaka umeisha. Inaota, haijafika hata magotini, inaanza kutoa maua. Mavuno yaliyoandikwa kwenye kafuko yalipimwa kwa mmea uliokua miezi katika mchana mrefu, au ndani ya nyumba chini ya mataa yenye kuwashwa saa 18 kwa siku. Bila zile saa za mwanga, hesabu yote inaanguka.

Bangi ya kienyeji ya nchi za ikweta iliishi karne nyingi na saa 12. Imejifunza kutoharakisha. Inapanda mpaka mita tatu au zaidi, na maua yake yanakawia miezi mitatu, hata minne, mbele ya kukomaa. Ni ya kuchelewa, ndiyo, lakini inajua mahali ilipo.

Shida ya pili ni mvua. Ile damu ya Afganistani ndani ya hibridi ilitoka katika milima mikavu. Inatoa maua mazito, yaliyoshikana kama ngumi. Maji yakiingia ndani ya ngumi hiyo hayatoki, na uvundo wa kijivu, ule ule wenye kuoza maharagi na nyanya wakati wa mvua ndefu, unaanzia ndani. Kwa nje ua linaonekana zima. Katika Walikale, penye msitu na mvua karibu ya mwaka wote, mmea wa namna hiyo uko katika nchi isiyo yake. Maua membamba ya kienyeji, yenye nafasi kati yake, yanakauka upesi baada ya mvua. Na ua lenye uvundo likivutwa, uvundo unaingia mapafuni pamoja na moshi. Kwa mtu mwenye kifua kibovu au mwenye kinga dhaifu ni hatari ya peke yake.

Kuna hibridi za tatu, zenye kuitwa za kujitolea maua, zilizochanganywa na bangi fupi ya Urusi iliyoelezwa na mtaalamu Janischewsky mwaka 1924, Cannabis ruderalis. Hizo hazihesabu usiku, zinatoa maua kwa umri. Zinaweza kukomaa popote, lakini zinabaki ndogo, na kila musimu ni kununua mbegu tena.

Maroko walipita hapo

Mwenye kutaka kuona mwisho wa njia hii aangalie milima ya Rif, kaskazini ya Maroko. Kule wakulima walikuwa na bangi yao ya kale, wanaiita beldiya, maana yake ya kienyeji. Ilivumilia ukame, ilipandwa wakati wa mvua na kuachiwa Mungu. Katika miaka ya 2000 na kuendelea zikaingia hibridi, moja ikiitwa khardala, na nyingine baada yake. Zilitoa utomvu mwingi kuliko, wanunuzi wakazifuata. Lakini zilitaka maji wakati wa jua, na mbolea. Visima vikachimbwa, mito ikakauka, mkulima asiye na pampu akabaki nyuma. Beldiya ikaanza kupotea, juu unga wa maua unachanganya yote. Mwaka 2021 Maroko ilipitisha sheria ya kuruhusu bangi ya dawa na ya viwanda katika mikoa mitatu ya Rif, na sasa shirika la serikali lenyewe linaruhusu wakulima kurudia beldiya, kwa sababu inakunywa maji kidogo.

Ku Pinga maji hayakosi. Kinachoweza kupotea ni mbegu, na udongo: kila shamba lenye kugeuzwa ni mahali ambapo mihogo, maharagi au ndizi havipo.

Sheria, na wenye kula faida

Ku Kongo bangi ilikatazwa kitambo: amri ya 1903, wakati wa Leopold II, ilizuia kulima, kuuza, kusafirisha na kuweka bangi ya kuvuta. Uhuru ulikuja, katazo likabaki. Nchi pia iliukubali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 juu ya dawa za kulevya. Mwezi wa Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25, kuondoa bangi katika orodha ya dawa mbaya kabisa za mkataba huo. Watu wengine walisikia kwamba bangi imefunguliwa duniani. Haikufunguliwa: ilibaki katika orodha ya zile zenye kuchungwa, na kila nchi inashika sheria yake.

Majirani hawafanani. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 makampuni yenye leseni kulima kwa dawa na kuuza nje tu. Raia akikamatwa akiuza, hukumu inaweza kufika kifungo cha maisha. Mwenye kuvuka mpaka na kafuko kwa kudhani Rwanda imeruhusu anajitia motoni. Ku Uganda, mahakama ya katiba ilifuta sheria ya dawa za kulevya mwezi wa Mei 2023, lakini kwa sababu wabunge hawakutimia hesabu siku ya kura, si kwa sababu bangi ni nzuri. Sheria nyingine ilikuja mwanzoni mwa 2024. Malawi iliruhusu ya dawa na ya viwanda mwaka 2020. Afrika ya Kusini inaruhusu mtu mkubwa kulima na kuvuta kwake, si kuuza.

Na faida? Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika kwamba FDLR walipata feza kwa biashara ya bangi katika Kivu ya Kaskazini. Mwenye bunduki hahitaji kulima. Anaweka bariere. Mulimaji analipa, motari analipa, kiisha mbele kunakuwa mwingine mwenye sare nyingine. Mmea uliokatazwa unampendeza mtoza-kodi wa namna hiyo, juu mwenye kunyang'anywa hana mahali pa kushitaki. Hibridi haibadilishi hapo kitu. Ikiuzwa bei kubwa, kitakachopanda kwanza ni kodi ya bariere.

Mtu akizidiwa

Kwa familia yenye kijana aliyevuta na kushikwa na hofu: mumpeleke mahali pa kimya, mtu anayemjua akae naye, mumpe maji, mumuambie mara kwa mara kwamba itapita. Kwa kawaida inapita ndani ya saa chache. Kumfunga kamba, kumpiga au kumwachia watoto wa mtaa wamcheke kunaongeza hofu. Asipewe pombe ili alale.

Kama anaumwa kifua, anatetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu, au siku inayofuata bado anasikia sauti, halali, hatambui watu wake, hiyo si ulevi tena. Aende kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali kuu ya Pinga. Kwa ugonjwa wa akili wenyewe, vituo vyenye kujulikana vya mashariki ni Tulizo Letu ku Goma na Sosame ku Bukavu, vyote viwili vya Mafrère wa Charité. Njia ni ndefu, tena si kila siku iko wazi, ndiyo maana inafaa kuanza kwa muuguzi wa karibu pasipo kungoja.

Muuguzi atauliza alivuta nini, kiasi gani, na kama alichanganya na kanyanga au vidonge. Aambiwe ukweli wote, juu matibabu yanategemea jibu hilo. Familia nyingi zinaficha kwa kuogopa polisi. Kwa sheria ya adhabu ya Kongo, muganga au muuguzi mwenye kutoa nje siri aliyoipata kazini anaadhibiwa yeye mwenyewe.